Naomba ushauri: Kulinganisha kata za zamani za Chicago katika tasnifu

Mwanafunzi_wa_Dom: Habari zenu, wakuu. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu nguvu ya kura za Wamarekani Weusi jijini Chicago kati ya mwaka 1910 na 1930, kipindi ambacho idadi yao ilipanda kutoka 44,103 hadi 233,903, hasa kwa sababu ya wimbi la wahamiaji kutoka majimbo ya kusini. Sura yangu kuu inahusu Kata ya Pili, ambayo mwaka 1915 ilimchagua Oscar De Priest kuwa diwani wa kwanza Mweusi wa jiji hilo. Msimamizi wangu amelikataa jedwali linalolinganisha kata hiyo katika sensa tatu. Je, niachane na kata kabisa?

Bi_Ramani: Msimamizi wako ana haki, ndugu yangu. De Priest alipochaguliwa, Chicago ilikuwa na kata 35 zenye madiwani wawili kila moja. Kuanzia uchaguzi wa 1923 zikawa 50, kila moja na diwani mmoja, na mipaka ikachorwa upya. Kata ya Pili ya sensa ya 1920 na ile ya 1930 zinashiriki namba, lakini si mipaka ile ile. De Priest mwenyewe aliporudi barazani mwaka 1943 aliwakilisha Kata ya Tatu, ilhali ngome yake ilikuwa ile ile ya kusini mwa jiji. Tumia maeneo 75 yaliyochorwa na wanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Chicago katika miaka ya 1920, ambayo mipaka yake haijabadilika sana hadi leo. Anza na Douglas na Grand Boulevard.

Mzee_Kumbukumbu: Nakubaliana na Bi Ramani kuhusu hesabu ya watu, lakini si kuhusu kura. Ukiiondoa kata utakuwa umeiondoa siasa yenyewe, kwa maana kiongozi wa chama katika kata ndiye aliyegawa ajira za jiji na kuhakikisha watu wake wanafika kituoni siku ya uchaguzi. Madiwani Michael Kenna na John Coughlin waliitawala Kata ya Kwanza kwa miongo kadhaa kwa mtindo huo, wakitegemea baa na nyumba za kulala wageni (wala hawakuona haya). Kwa hiyo, soma matokeo ya kila uchaguzi juu ya ramani iliyotumika siku hiyo, kisha ufanye mabadiliko ya mipaka kuwa sehemu ya hoja yako. Yaliyotokea baadaye yanaonyesha uzito wake: mwaka 1986, baada ya mahakama kuamuru kata 7 zipige kura upya kwa mipaka mipya, wapinzani wa Meya Harold Washington katika baraza la jiji, waliokuwa madiwani 29 dhidi ya 21 wa upande wake, walibaki 25 kwa 25, na kura ya kuamua ikawa ya meya.

Karani_Mstaafu: Nyongeza fupi. Ukitumia anwani kutoka vitabu vya wakazi, kumbuka kwamba namba za nyumba zilibadilishwa mwaka 1909, na katikati ya jiji mwaka 1911.

Mwanafunzi_wa_Dom: Nawashukuru nyote. Jedwali la watu litafuata maeneo ya wanasosholojia, na kura zitabaki katika kata zao, kila uchaguzi na ramani yake. Bi Ramani, je, mipaka ya Douglas inatosha kuikumbatia Kata ya Pili ya mwaka 1915?

Bi_Ramani: Usikisie. Weka ramani mbili juu ya nyingine, mtaa kwa mtaa, kabla hujaandika hata sentensi moja.