Jumamosi naenda kukagua nyumba ya kununua South B, Nairobi. Niangalie nini?

MamaPacha: Habari zenu. Ni mezoneti ya vyumba vitatu, ya mwaka 1994. Muuzaji amepaka rangi juzi, hata harufu haijaisha. Rangi mpya hunitia wasiwasi. Nianzie wapi?

FundiMstaafu: Dada, wasiwasi wako una msingi. Nimepaka sana rangi za namna hiyo, najua zinachofunika. Pitisha kiganja ukutani, hasa nyuma ya makabati na chini ya madirisha. Unyevu hauna adabu, lazima ujitokeze. Panda darini na tochi. Fungua mifereji yote pamoja, halafu vuta maji chooni uone presha. Uliza tangi ni la lita ngapi na mgao wa maji huja siku gani. Ungengoja mvua ya Aprili ningefurahi zaidi.

JiraniWaZamani: Ongea na soja wa geti. Mimi wangu ndiye aliyeniambia maji taka hufurika uani. Mwenye nyumba alikuwa kimya!

MamaPacha: Na hati?

FundiMstaafu: Mwachie wakili, aikague kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni. Ushuru wa stempu, ule mnunuzi hulipa nyumba ikihamishiwa kwake, mjini ni asilimia 4, uuweke kwenye hesabu. Na beba ngazi yako. Zao hupotea siku ya ukaguzi.