Bwana Msa: subira au usingizi?

Fundi Saa: Nimemaliza kuirudia *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, mara ya tatu sasa. Mtu ameuawa, mji mzima unanong'ona habari za mzimu, na mpelelezi Bwana Msa yuko na kiko chake anamsikiliza rafiki yake Najum. Hana haraka. Mimi ndicho ninachokipenda: mkosaji unamnusa katika mazungumzo, si kwenye mtutu wa bastola. Je, hadithi ya taratibu namna hii bado inafaa kusomeshwa, au tunaing'ang'ania kwa mazoea tu?

Mtoto wa Reli: Mazoea. Mimi ilinilaza ukurasa wa ishirini. Musiba, yule wa riwaya za kijasusi, angeshamfikisha jasusi wake Willy Gamba Kinshasa na watu kumi wameanguka. Hao wazee wa Unguja walikuwa na muda: kahawa, kashata, maneno kutwa.

Bi Mkubwa: Kashata imekukosea nini wewe? Hao wazee ndio wenye Kiswahili hicho unachokivunja.

Mtoto wa Reli: Shikamoo bibi. Nimevunja nini?

Bi Mkubwa: Marahaba. "Angeshamfikisha" halafu "wameanguka"? Wangeshaanguka! Bwana Msa angekukamata kwa sentensi hiyo moja.

Mtoto wa Reli: Haya, nimekamatwa. Ila watu wa pwani mkishindwa hoja mnakimbilia sarufi.

Mwalimu Chaki: Jamani taratibu. Kitabu hicho kilishinda tuzo ya kwanza 1968, kwa hiyo ubora wake hauna mjadala.

Fundi Saa: 1968 ni *Kisima cha Giningi*, mwalimu. *Mzimu* ilishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957/58, ikachapishwa 1960.

Mwalimu Chaki: Si ni hapo hapo tu.

Fundi Saa: Hapo hapo! Uhuru na Mapinduzi vimepita katikati.

Mtoto wa Reli: Walimu wenyewe ndio hawa. Wetu hakutusomea hata ukurasa mmoja. Alituandikia ubaoni: wahusika, dhamira, mandhari, nakilini. Kitabu kizima ni watu na tabia zao, sisi tunakariri majina kama orodha ya mahudhurio. Nitakipenda vipi?

Mwalimu Chaki: Nakala tano, wanafunzi sabini. Njoo ufundishe wewe, halafu tuone utasoma kwa sauti hadi koo likauke au utaandika ubaoni.

Abiria wa Mwisho: Mnagombana bure. Ni Sherlock Holmes huyo, kahamia Unguja. Kiko, rafiki wa kumuulizauliza, kila kitu.

Fundi Saa: Mfano ameuchukua huko, nani anakataa? Lakini mji ule umeshapata jibu lake kabla upelelezi haujaanza: mzimu. Bwana Msa hapambani na muuaji peke yake, anapambana na jirani ambao hawaoni haja ya kutafuta mtu. Hilo halitaki haraka. Wape nafasi waseme.

Abiria wa Mwisho: Hapo sawa. Ila niungame: nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani kiko ni hiki cha mkono. Nikashangaa mzee anakiwashaje.

Mtoto wa Reli: 😂😂 Cha mkono ni kiwiko!

Bi Mkubwa: Kiko cha mkono. Kipo kwenye kamusi, fungua.

Mtoto wa Reli: Bibi, kwetu ukisema kiko tunakuuliza kiko wapi.

Mwalimu Chaki: Kiwiko ndicho sanifu.

Bi Mkubwa: Mtu wa 1968 naye kaja na usanifu wake.

Abiria wa Mwisho: Na kisukusuku je?

Mtoto wa Reli: Kisukusuku ndilo neno! Bibi mzaa mama alikuwa ananipiga nacho. Halafu, Fundi, nimekiazima tena kwa mtu. Niko ukurasa wa arobaini na tatu, huyu Najum anaanza kunichekesha. Asitaje mtu muuaji.

Fundi Saa: Sitaji. Sasa kisomeshwe au kisisomeshwe?

Bi Mkubwa: Wengine wanakiita kivi.