Nimeuziwa Garratt ya Afrika Kusini iliyobandikwa kibao cha Mount Gelai

Ndugu wakusanyaji wenzangu,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Niliagiza mfano wa shaba wa injini ya mvuke ya daraja la 59 la Reli za Afrika Mashariki, namba 5918 Mount Gelai, kwa kipimo cha 1:87 (yaani mara 87 ndogo kuliko injini halisi), kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo ambaye tangazo lake liliahidi kazi ya mikono, toleo la idadi ndogo na uaminifu kamili kwa injini yenyewe. Nililipa nusu ya bei wakati wa kuagiza, na nusu iliyobaki kabla ya mzigo kusafirishwa. Kilichonifikia si Mount Gelai. Ni Garratt ya Afrika Kusini ya daraja la GMA, iliyopakwa rangi ya damu ya mzee na kubandikwa kibao cha jina letu.

Udanganyifu huu umewezekana kwa sababu injini hizi mbili zinafanana kwa mambo ambayo mnunuzi huyatazama kwanza. Zote ni Garratt, yaani boila moja iliyoning'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu zinazojipinda kila moja kivyake. Zote zina mpangilio wa magurudumu wa 4-8-2+2-8-4. Na magurudumu yao ya kuendesha yana kipenyo kilekile cha futi 4 na inchi 6. Reli yetu ilikuwa na upana wa mita moja na ya Afrika Kusini ina upana wa milimita 1,067, lakini kwa kipimo cha 1:87 tofauti hiyo haifiki hata milimita moja, kwa hiyo mifano ya zote mbili hupita vizuri juu ya reli yenye upana wa milimita 12. Mtu mwenye kalibu za GMA anaweza kushawishika kwamba rangi na kibao vinatosha.

Havitoshi. Nyuma ya kibanda cha dereva, mfano huu una sanduku la makaa, na ndani yake makaa yamefinyangwa yakiwa yamerundikana. Injini za daraja la 59 zilichoma mafuta mazito tangu zilipotoka kiwandani. Fayamani, yaani mchochea moto, wa njia ya Mombasa hakuwa na makaa ya kuchochea; alikuwa na vali za kurekebisha moto, na nyuma yake palikuwa na tangi la mafuta. Anayeweka rundo la makaa juu ya Mount Gelai hajawahi kutazama hata picha moja ya injini hiyo kwa makini.

Kisha kuna vipimo. Injini halisi ilikuwa na urefu wa futi 104, karibu mita 31.7, na kwa hiyo mfano wake unapaswa kufika sentimita 36 na nusu hivi. Huu wangu una sentimita 33. Boila ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ndiyo sura yenyewe ya daraja la 59: kipenyo cha futi 7 na inchi 6, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli iliyoibeba, na ndiyo iliyoziwezesha injini hizo za takribani tani 250 kuvuta mizigo mizito kutoka pwani hadi Nairobi. Kwenye mfano inatakiwa kuwa na milimita 26. Niliyoletewa ni nyembamba kiasi kwamba jicho linaona kabla ya rula kuthibitisha.

Kuhusu ufundi sitasema mengi. Rangi inabanduka kwenye kingo za tangi la mbele kwa kuwa shaba haikusafishwa dawa ya kulehemea kabla ya kupakwa, na egemeo la seti ya nyuma linakaza hadi injini inaacha reli kwenye kona. Kasoro hizo fundi mzuri angeweza kuzirekebisha. Boila ya injini nyingine hairekebishiki.

Nilipomwandikia muuzaji, alijibu kwamba hizo ni "tofauti ndogo za kiutengenezaji", na kwamba eti daraja la 59 lilisanifiwa kwa namna ambayo lingeweza kugeuzwa kutumia makaa. Hata tukikubali hoja hiyo, hazikugeuzwa, na tangazo lake halikusema anauza injini ya kufikirika. Lilitaja namba na jina. Wala hawezi kujitetea kwamba hakuwa na pa kutazama. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilizijenga injini 34 za daraja hili mwaka 1955 na 1956. Michoro ya kampuni hiyo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sayansi na Viwanda mjini humohumo. Na Mount Gelai yenyewe imesimama Nairobi, katika Makumbusho ya Reli, ambapo yeyote mwenye futikamba na kamera anaweza kuipima. Katika zile 34, zilizobaki ni hiyo na Mount Shengena. Nyingine zote zimekwisha kuwa chuma chakavu, na hilo ndilo linalofanya mfano sahihi uwe na thamani kuliko pambo la kabati.

Ndiyo maana pia tunakubali kulipa bei ya shaba. Mfano wa plastiki unahitaji kalibu za chuma zenye gharama kubwa, ambazo hurudisha fedha pale tu wanunuzi wanapokuwa maelfu. Shaba huchongwa kwa tindikali kwenye bapa, vipande vidogo humiminwa kwa kalibu za nta, na fundi huviunganisha kimoja kimoja kwa mkono, hivyo hata injini yenye wanunuzi wachache inaweza kupata haki yake. Mafundi wa Japani na baadaye wa Korea Kusini walijenga heshima ya kazi hii kwa kufuata michoro ya injini mojamoja. Anayechukua heshima hiyo na kuibandika juu ya kazi ya kuungaunga anaamini kwamba mnunuzi wa Afrika Mashariki hajui injini zake.

Ninadai kurudishiwa fedha zote pamoja na gharama ya usafirishaji, na tangazo lile liondolewe au liandikwe ukweli. Sitakubali vocha wala punguzo la agizo lijalo, ambavyo ndivyo nilivyopewa hadi sasa. Ninawaomba wote mlioagiza daraja la 59 la shaba kwa kipimo hiki mpime urefu wake kutoka ncha hadi ncha na mtazame kilichoko nyuma ya kibanda cha dereva, kisha mwandike hapa mlichokuta, pamoja na picha. Wenye maagizo ambayo bado hayajasafirishwa, msilipe nusu ya pili kabla ya kutumiwa picha za tangi la nyuma.