Silali usiku kwenye muzigo wetu (nyumba ya kupanga) Bwaise, Kampala, kuna mtu ananiambia nijaribu yoga. Kweli inasaidia?

mama_chapati_bwaise

Habari zenu ndugu zangu, naombeni msaada. Mimi nakaa Bwaise, muzigo wa chumba kimoja, niko na watoto watatu na mdogo wangu wa kike, nauza chapati pale barabarani kwa hiyo saa kumi usiku niko macho nakanda unga. Shida yangu ni usingizi. Saa nne naingia kitandani nimechoka mpaka mifupa lakini macho yanakataa, nyuma yetu kuna kafunda, kibaa kidogo, wanapiga muziki mpaka saa saba wakati mwingine saa nane, mabati nayo yamekunywa jua mchana kutwa sasa usiku ndo yanatema joto lote juu yetu, na mvua ikianza ndo kabisa maana hapa maji huingia ndani, unalala sikio moja liko mlangoni. Nikipata masaa matatu nashukuru Mungu. Juzi nimesimama kwenye sigiri, jiko la mkaa, usingizi ukanichukua hivo hivo, chapati tano zimeungua na mteja ananiangalia, nikalia mbele yake.

Sasa kuna dada huwa anakuja Jumamosi kwenye uwanja wa shule anafundisha wamama yoga bure, anasema inaleta usingizi. Mimi nilijua yoga ni ya wenye pesa kule Kololo. Na mama mkwe anasema ni dini ya Wahindi nitaleta mapepo ndani. Ni kweli inasaidia ama napoteza muda? Na kingine kisichotaka pesa ni nini, maana kuhama siwezi, hii kodi yenyewe naitafuta kwa jasho.

dada_mkeka

Pole sana mama. Mimi niko Namuwongo, nafanya hii kitu mwaka wa tatu sasa na nilianza nikiwa nafua nguo za watu, mgongo umekufa na usingizi hakuna. Hauhitaji kitu chochote cha kununua. Mkeka wako na ukuta basi.

Fanya hivi ukishaosha vyombo na watoto wametulia. Kaa chini ubavu wako umegusa ukuta, alafu geuka ulale chali huku unapandisha miguu juu ya ukuta, makalio yakae karibu na ukuta vile unaweza bila kujiumiza. Kunja leso uweke chini ya kiuno. Mikono iache tu pembeni. Sasa pumzi, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo: vuta kwa pua ukihesabu polepole mpaka nne, toa ukihesabu mpaka sita. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia moyo unapunguza mbio, mwili unaelewa hakuna hatari tena. Dakika tano, ukiweza kumi. Ukimaliza kunja magoti, lala ubavu kidogo, ndo uinuke, usiruke ghafla. Mtoto wangu wa miaka sita huwa analala pale pale kwenye mkeka kabla sijafika pumzi ya kumi, nambeba tu.

Kama una mimba kubwa, ama presha haijatulia, ama una presha ya macho, miguu juu usifanye kwanza, fanya pumzi peke yake umekaa. Na siku ya kwanza unaweza usione kitu. Mimi ilinichukua kama wiki mbili.

kisenyi_macho

Samahani lakini mimi hizi habari zinaniuma. Mtu anasema muziki mpaka saa nane na maji yanaingia ndani, alafu tunamwambia apumue? Usingizi wa masikini haujaibiwa na kukosa yoga, umeibiwa na kelele, mitaro iliyoziba na nyumba ya mabati bila dari. Mama, kwa hiyo kafunda usiende peke yako, kusanyeni wamama kumi muende kwa mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa) mchana, mkiwa wapole, na muwe mmeandika siku na saa za kelele kwenye karatasi. Kwetu tulifanya hivo, mwenye baa akageuza spika zikaangalia barabara na saa tano anapunguza. Haijaisha kabisa lakini watoto wanalala.

dada_mkeka

Kaka haujakosea hata kidogo, nakubali kila neno. Ila kwa mwenyekiti ni kesho ama mwezi ujao, na yeye usiku wa leo anataka kulala. Afanye vyote viwili.

boda_wa_ntinda

Mimi ni wa boda, naongea yale nimepitia. Mama unakunywa chai saa ngapi? Kwa sababu majani ya chai yana kafeini kama kahawa tu, ni kidogo zaidi lakini iko, na ile kitu hukaa mwilini, ukinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku karibu nusu yake bado iko kwenye damu. Mimi nilikuwa nakunywa vikombe vitatu vya jioni steji na mairungi (miraa) juu yake ili nibebe abiria mpaka usiku, alafu nafika nyumbani nashangaa mbona naangalia mabati tu. Nikaongeza waragi, pombe kali, ili nizimike, na kweli unazimika, lakini saa tisa usiku uko macho, mdomo umekauka na moyo unakimbia, pombe inakupa usingizi wa mwanzo na kukunyang'anya wa mwisho. Nimeacha mairungi kabisa, chai mwisho saa nane mchana. Mwezi mmoja hivi nikaona tofauti, na pikipiki pia naiendesha nikiwa mtu mzima, maana nilishawahi kusinzia nikiwa na abiria nyuma na ile siku siisahau.

nesi_wa_wadi

Naongeza kama mhudumu wa afya. Mama hebu tupige hesabu. Mtu mzima anahitaji masaa saba au zaidi. Wewe saa nne mpaka saa kumi ni masaa sita, hata kafunda ikinyamaza na ukalala kama mtoto bado una deni. Kwa hiyo huyo mdogo wako kama ni mkubwa mpeane zamu ya kukanda, siku yako siku yake, na mchana soko likilala jilaze dakika ishirini au thelathini, lakini isipite saa tisa, la sivyo usiku utakusumbua.

Ukilala ukaona kama dakika ishirini zimepita macho makavu, usibaki unapigana na kitanda. Toka, kaa kwenye stuli gizani, simu usishike, fanya zile pumzi, ukisinzia rudi. Kitanda kikizoea mawazo, kila ukikiona mawazo yanaanza. Ukiacha siku za zamu ya mdogo wako, saa ya kuamka iwe ile ile hata Jumapili. Asubuhi toka nje upate mwanga, huku kwetu jua linatoka karibu saa moja mwaka mzima, ndo saa bora ya mwili na ni ya bure.

Neti shusha kila siku hata kama kuna joto. Na tafadhali sigiri isilale ndani hata mvua ikinyesha, ule moshi usioonekana hauna harufu na unaua familia nzima wamelala. Diazepam, ile dawa ya usingizi, ya kununua kiholela duka la dawa achana nayo. Kukosa usingizi kukifika usiku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, ama unakoroma mpaka pumzi inakatika, ama unalia bila sababu kila siku, nenda kituo cha afya, usingoje.

mzee_bombo

Binti yangu, kuhusu hayo mapepo. Asili ya yoga ni India na wako wanaoifanya kama ibada, hilo tusifiche. Lakini Umoja wa Mataifa wenyewe mwaka 2014 uliitengea tarehe 21 Juni ya kila mwaka na watu wa dini zote wanaifanya kama mazoezi. Mimi Mwislamu, nanyoosha mgongo baada ya isha alafu nasoma dua zangu. Mwambie mama mkwe aje Jumamosi akae aangalie kwa macho yake, usibishane naye.

mama_chapati_bwaise

Narudi baada ya wiki tatu, mniwie radhi data iliisha. Chai ya jioni nimeacha, nakunywa maji ya moto na mchaichai. Kukanda tunapeana zamu. Miguu ukutani nafanya na watoto wote watatu wamejipanga kama samaki sokoni. Siku za kawaida napata masaa matano, zikiwa zamu za mdogo wangu hata sita na nusu. Juzi mvua ilinyesha sikulala kabisa, tumechota maji ndani mpaka saa kumi. Kwa mwenyekiti tumeenda wamama saba, ametuambia turudi Jumatatu.

Na mama mkwe alikuja akaangalia, akakaa mpaka mwisho. Sasa anataka kujaribu lakini magoti yanamuuma hawezi kunyoosha miguu ukutani. Afanyeje?

dada_mkeka

Aaa nimefurahi sana! Mletee kiti cha plastiki. Alale chali kwenye mkeka, miguu kuanzia chini ya magoti iwekwe juu ya kiti, magoti yakunjike yenyewe. Chini ya kichwa weka leso iliyokunjwa. Kaa karibu naye mhesabu pamoja.