MREJESHO: Intavali (kukanyaga kwa nguvu na taratibu kwa zamu) za baiskeli ya jimu, raundi 4 za dakika 4

Wakuu, mi ndo yule wa Arusha niliyeuliza nigawanyeje nguvu ili raundi ya nne isife. Aisee asanteni sana, imekubali.

Sasa hivi raundi ya kwanza naanza na wati (kipimo cha nguvu ya kukanyaga) ambazo najua hata ya mwisho ntazifikisha, na mapigo ya moyo siyaangalii kabisa dakika ya kwanza maana moyo huwa unachelewa kupanda, ukianza kuyafukuzia unamaliza miguu mapema. Ikifika dakika ya tatu yenyewe yanakuwa yameshafika kama asilimia 90 ya mapigo yangu ya juu kabisa, hapo naongea maneno mawili tu. Katikati ya raundi nakanyaga taratibu dakika 3, sishuki.

Na aliyesema nisijilinganishe na mshkaji wangu wa Dar yuko sahihi, huku tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, oksijeni kidogo, lazima wati zishuke.

Feni nayo muhimu jamani, ndani hakuna upepo, mwili ukichemka mapigo yanapanda wakati wati ni zilezile. Kuanzia wiki ijayo naongeza wati kidogo, raundi ya nne tu.