Kinu cha nyuklia Buyende: taka zake zitaenda wapi?

mvuvi_wa_Kyoga: Wadau habari. Sisi watu wa Buyende, hapa Uganda, tunasikia umeme wa nyuklia kila siku, megawati hivi, ajira vile, sawa, lakini sijasikia mtu akitaja taka. Zikishatumika zile fueli zinapelekwa wapi? Au ndo zitabaki hapa hapa ziwani kwetu?

Fundi Sparki: Kwanza zitabaki kwako ndugu, hilo usijidanganye. Zikitoka kinuni bado zinachemka, lazima zikae kwenye bwawa la maji miaka kadhaa palepale kituoni. Baada ya hapo sasa ndo siasa inaanza.

Mama Akello: Na siasa yenyewe ni ya nani mnyonge. Tazama Marekani 1987, walikuwa na sehemu tatu za kuchagua pa kuzika taka, Texas, Washington na Nevada. Spika wa Bunge Jim Wright anatoka Texas, kiongozi wa wengi Tom Foley anatoka Washington, haya niambie mzigo ulimwangukia nani 😂 Nevada, jangwani, wabunge wawili tu. Halafu 2007 Harry Reid wa hukohuko Nevada akawa kiongozi wa wengi kwenye Seneti, mradi wa Yucca Mountain, ule mlima wa Nevada walipotaka kuzika taka, ukanyongwa, mpaka leo taka zimekaa vituoni zilikotoka. Kwetu nahofia watasema tu Karamoja, kule kukavu kaskazini mashariki, si huko ndo "hakuna watu"?

Fundi Sparki: Mama umemaliza. Ila Finland walienda tofauti, sheria yao inaipa halmashauri haki ya kukataa kabisa. Halmashauri ya Eurajoki wakakubali 2000 taka zizikwe kwao, maana vinu walikuwa navyo tayari na kodi yake wanaila, bunge likapitisha 2001. Sasa wamechimba zaidi ya mita 400 kwenye mwamba, taka zinawekwa humo ndani ya mapipa ya shaba yanayozungushiwa udongo wa mfinyanzi.

kijana_Jinja: Si wauzaji wa vinu wachukue taka zao? Warusi wamekubaliana na Bangladesh kurudisha Urusi fueli iliyotumika ya kinu cha Rooppur.

Mama Akello: Inawezekana, lakini iwe kwenye mkataba kabla ya kusaini, ukishajenga utambembeleza nani?

mvuvi_wa_Kyoga: Asanteni sana. Wakija tena kufanya kikao nitauliza mbele ya mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), sisi tukisema hapana, hiyo hapana inasimamisha kitu au inaandikwa tu kwenye ripoti?

Fundi Sparki: Uliza kabla soda hazijagawiwa mzee, baada ya soda kikao kimekwisha.