Mama yangu amenyang'anywa maiki kanisani, akapewa mheshimiwa!

Wadau, nimetoka ibadani sasa hivi, hata chai sijanywa, mikono inatetemeka.

Mnamjua mchungaji ninayemsema. Huyo huyo wa viatu vyeupe.

Mama alilazwa hospitali miezi mitatu. Leo akasimama mbele kutoa ushuhuda, kuku wake wa shukrani kwapani. Amefika pale pa "basi daktari akaniambia…" maiki ikachomolewa mkononi! Mheshimiwa ameingia. Ving'ora, walinzi, vumbi mpaka kwenye kinanda. Mchungaji akatangaza kwamba Mungu ameshamwonyesha gavana wa 2027, na atakayempinga anapigana na mbingu. Bahasha ikatoka. Haleluya iliyopigwa hapo, Yeriko ingeanguka mara mbili.

Na mama bado amesimama pale na kuku!

Kanisa hilo lina cheti cha kusamehewa kodi kutoka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, eti kwa sababu ya ibada. Mimi na kaduka kangu ka misumari na saruji nalipa asilimia 3 ya mauzo, nipate faida nisipate. Askofu Mkuu Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia makanisa ya Anglikana 2021. Askofu Mkuu Anyolo wa Katoliki Nairobi 2024 aliagiza hela za Rais Ruto zilizotolewa kanisa la Soweto, Nairobi, zirudishwe. Wetu ameshindwa hata kungoja mama amalize sentensi! Daktari alimwambia nini? Kanisa zima halijui.

Mtu wa Stage: Kuku aliishia wapi?

Mwenye uzi: Alinadiwa! Mheshimiwa akamchukua kwa elfu kumi, mama hata hakuulizwa.

Kifagio: Elfu kumi na bado unalia? Nipe namba ya huyo mchungaji, nina mbuzi.

Shangazi Mkali: Wewe ulipiga makofi ama hukupiga? Sema ukweli.

Mwenye uzi: Sikupiga! Nilikuwa napenya nimfikie mama.

Jirani wa Ukuta: Afadhali nyinyi ni mchana. Hapa kwetu spika zinaanza saa nne usiku. Mtoto wangu amejua kusema "toka pepo" kabla ya "baba".

Geti Namba Mbili: Spika si kitu. Kila Jumapili waumini wanaegesha magari mbele ya geti langu. Juzi mgonjwa tulimpitisha juu ya ukuta.

Jirani wa Ukuta: Ulishawahi kuishi karibu na jenereta la kanisa wewe?

Kifagio: Hao kuku wa kienyeji wanauzwa ngapi huko kwenu lakini?